Sili ya kielektroniki kutoka Dar hadi Bujumbura: Kifaa kidogo kinavyotunza batli ya safari

BUJUMBURA – Kontena linalotoka bandari ya Dar es Salaam kuja Bujumbura husafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, likashika njia ya Nyakanazi hadi mpaka wa Kabanga na Kobero, kisha Muyinga na milima ya Burundi kabla ya kuteremka Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika. Katika safari yote hiyo mwenye mzigo hayupo, na wakala wake wa forodha hayupo. Wanaobaki na mzigo ni dereva, utingo wake, na kifaa kidogo kilichofungwa kwenye mlango wa kontena: lakiri ya kielektroniki, ambayo madereva wengi huiita sili.

Wafanyabiashara wengi wanajua kuwa sili hiyo hutuma mahali lori lilipo. Wachache wanajua kuwa kazi yake kubwa zaidi ni kuandika. Kila inapopita na kila jambo linaloipata, sili inatakiwa iliandike ndani yake, hata pale ambapo hakuna mtandao wa simu. Ukitokea ubishi kuhusu mzigo uliopungua au sili iliyokatwa, maandishi hayo ndiyo ushahidi. Yakiwa kamili, dereva asiye na hatia anaokoka. Yakiwa na mapengo, kila upande unasema lake.

Makala haya yanaeleza jinsi kifaa chenye hifadhi ndogo na betri ndogo kinavyoweza kuandika safari nzima bila kujaa wala kuzimika, na mambo ambayo msafirishaji anapaswa kuyauliza kabla ya kukubali kifaa kifungwe kwenye lori lake.

Kwa nini jambo hili linaigusa Burundi

Burundi haina bandari ya bahari. Bidhaa zake nyingi za kutoka ng'ambo huingia kupitia Dar es Salaam, ama kwa barabara hadi Kobero, ama kwa kupitia Kigoma na kuvuka ziwa hadi bandari ya Bujumbura. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Mamlaka yake ya Mapato, OBR, iliundwa mwaka 2009. Mwaka 2014 Jumuiya ilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Burundi ilipofunga mipaka yake ya ardhi na Rwanda mwezi Januari 2024, njia ya Kobero ilizidi kuwa tegemeo la wenye malori.

Mzigo unaopita nchi moja kwenda nyingine haujalipiwa ushuru katika nchi inayopitiwa. Kwa hiyo hubaki chini ya ulinzi wa forodha na hufunikwa na dhamana. Kuichezea sili ya forodha ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ndiyo sababu serikali zimeingia katika ufuatiliaji wa kielektroniki. Tanzania ina mfumo wake kupitia Mamlaka ya Mapato, TRA, na Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mfumo wa pamoja mwaka 2017.

Mbali na sili za forodha, makampuni ya usafirishaji hufunga vifaa vyao vya kufuatilia malori. Vifaa vya aina zote mbili vina shida moja: vinatakiwa kukumbuka mengi huku vikiwa na nafasi kidogo.

Batli ni nini?

Batli ni neno la zamani la mabaharia kwa daftari la safari la chombo. Nahodha huandika humo saa, mahali, hali ya bahari na kila tukio la maana. Programu iliyo ndani ya sili hufanya kazi hiyo hiyo. Huandika saa, mahali kwa kutumia setilaiti za GPS, kasi ya lori, hali ya betri na hali ya sili yenyewe.

Tofauti ni kwamba daftari la nahodha lina kurasa nyingi na nahodha hachoki. Sili huendeshwa na chipu ambayo mara nyingi ina hifadhi ya kufanyia kazi ya kilobaiti 20 hivi. Simu ya mkononi yenye gigabaiti 4 ina nafasi ya namna hiyo zaidi ya mara 200,000. Batli yenyewe hukaa kwenye chipu nyingine ya hifadhi ya kudumu, aina ya flashi, ambayo mara nyingi haizidi megabaiti chache. Umeme wote unatoka kwenye betri isiyochomekwa popote hadi mwisho wa safari.

Mtengenezaji wa programu anayezoea kompyuta za ofisini huandika batli kwa sentensi ndefu, kwa sababu kwenye kompyuta nafasi si tatizo. Akifanya hivyo kwenye sili, kifaa kinakufa njiani.

Sentensi au namba?

Chukua mfano wa mstari mmoja wa batli ulioandikwa kwa maneno:

2025-06-10 11:30:05 LAT -2.84512 LON 30.34170 KASI 42 BETRI 87 SILI IMEFUNGWA NAMBA 004512

Mstari huo una herufi na nafasi 90, yaani baiti 90. Mtu akiusoma anauelewa mara moja. Lakini kifaa hakihitaji maneno. Taarifa ile ile inaweza kuandikwa kwa namba tupu: aina ya tukio baiti 1, saa baiti 4, latitudo baiti 4, longitudo baiti 4, kasi baiti 1, betri baiti 1, hali ya sili baiti 1, namba ya mfuatano baiti 2, na namba ya uhakiki baiti 2. Jumla ni baiti 20.

Hatua ya pili ni kuandika tofauti tu. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa husogea kilomita 1.3 hivi kwa dakika. Hakuna haja ya kuandika upya mahali pote lilipo duniani kila dakika. Inatosha kuandika limesogea kiasi gani tangu mara ya mwisho, na sekunde ngapi zimepita. Hapo latitudo, longitudo na saa huchukua baiti 2 kila moja badala ya 4. Namba ya mfuatano nayo inaweza kuachwa kwenye kumbukumbu hizi fupi. Kumbukumbu moja inashuka hadi baiti 12.

Hatua hiyo ina hatari yake. Kumbukumbu moja ikiharibika, zote zinazoifuata zinapotea njia, kwa sababu kila moja inategemea ile iliyotangulia. Dawa ni kuandika kumbukumbu kamili ya baiti 20 kila baada ya kumbukumbu 30 hivi, na kila mara kifaa kinapowaka upya. Kukiwa na hitilafu, kinachopotea ni dakika chache, si safari nzima.

Hatua ya tatu ni kujua wakati wa kunyamaza. Lori lililoegeshwa Kahama usiku kucha halina jipya la kusema kila dakika. Kihisi cha mwendo kinaweza kuiambia programu kuwa lori limesimama, na kifaa kikaandika mara moja kila nusu saa hadi magurudumu yatakapozunguka tena.

Hesabu ya safari ya siku saba

Tuseme lori linatumia siku 7 njiani na linatembea saa 10 kwa siku. Hesabu inakuwa hivi:

– Kwa sentensi za baiti 90 kila dakika, usiku na mchana: kumbukumbu 10,080, baiti 907,200.
– Kwa namba za baiti 20 kila dakika: baiti 201,600.
– Kwa tofauti za baiti 12 kila dakika: baiti 120,960.
– Kwa baiti 12 kila dakika lori likitembea na kila nusu saa likisimama: kumbukumbu 4,396, baiti 52,752.

Kutoka njia ya kwanza hadi ya mwisho ni punguzo la mara 17. Chipu ya megabaiti 1 ikiandikwa kwa sentensi hujaa ndani ya siku 8. Ikiandikwa kwa njia ya mwisho hudumu zaidi ya miezi 4, hata ukijumlisha zile kumbukumbu kamili za hapa na pale. Kwa lori lililokwama mpakani wiki mbili au tatu kwa ajili ya karatasi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mwanzo wa safari bado umo ndani ya batli au umeshafutwa.

Kamusi ibaki ofisini

Matukio yasiyo ya mahali nayo yanahitaji maneno: "waya wa sili umekatwa", "kifuniko cha betri kimefunguliwa", "antena imefunikwa". Programu nzuri haiyabebi maneno hayo. Hubeba namba. Tukio namba 17 huandikwa 17, na kompyuta ya ofisini ndiyo yenye kamusi ya kusema 17 maana yake nini. Kwa njia hiyo kifaa huokoa nafasi, na pia huokoa muda. Kutengeneza sentensi ndani ya chipu ndogo ni kazi nzito, na kuitoa kwa njia ya waya ya kasi ya biti 9,600 kwa sekunde huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa mstari mmoja wa herufi 90. Programu ikisubiri mstari umalizike ndipo iangalie waya wa sili, tukio la haraka linaweza kupita bila kuonekana.

Hapa pana jambo ambalo msafirishaji anapaswa kulijua. Namba na kamusi lazima viwe vya toleo moja. Mtengenezaji akibadilisha programu, namba 17 iliyokuwa "kifuniko cha betri kimefunguliwa" inaweza kuwa "waya wa sili umekatwa". Ofisi ikisoma batli ya kifaa cha zamani kwa kamusi mpya, dereva aliyebadilishiwa betri na fundi anaonekana mwizi. Kwa hiyo kila batli inapaswa kuanza kwa kutaja toleo la programu iliyoiandika, na ofisi itunze kamusi za matoleo yote, si la mwisho peke yake.

Ubao unaofutwa wote kwa pamoja

Hifadhi ya flashi ina tabia inayofanana na ubao wa shule. Unaweza kuandika mstari baada ya mstari penye nafasi, lakini huwezi kufuta neno moja. Ukitaka kufuta, unafuta ubao mzima. Katika chipu nyingi za sili na vifaa vya kufuatilia, ubao mmoja ni kilobaiti 4. Na kila ubao una kikomo cha kufutwa, mara nyingi mara 100,000 hivi, kisha huchakaa na kuanza kusahau.

Mara 100,000 inasikika nyingi. Lakini programu mbovu inayofuta na kuandika upya ubao ule ule kila dakika, kwa mfano ili kutunza alama ya "nimefika ukurasa gani", huumaliza kwa siku 70 hivi. Baada ya hapo kifaa kinawaka, taa inapepesa, ramani inaonyesha lori, lakini batli ya ndani ni takataka. Hakuna anayejua mpaka siku ya ubishi.

Njia sahihi ni daftari la mduara. Chipu ya megabaiti 1 ina mbao 256 za kilobaiti 4. Programu huandika ubao wa kwanza ukajaa, ikaenda wa pili, hadi wa mwisho, kisha hurudi kufuta wa kwanza na kuendelea. Kila ubao hufutwa mara moja tu kwa mzunguko, na kwa matumizi ya baiti 12 tuliyoyaona, mzunguko mmoja ni zaidi ya miezi 4. Chipu haitachakaa kabla ya kifaa chenyewe kuzeeka. Wala hakuna haja ya kuandika alama ya ukurasa mahali pengine. Kifaa kikiwaka upya, hutafuta kumbukumbu yenye namba kubwa zaidi ya mfuatano na kuendelea pale palipo wazi.

Mduara nao una swali lake: kinachofutwa ni nini? Ukiweka matukio yote daftari moja, mamia ya kumbukumbu za "lori limesimama" zinaweza kusukuma nje kumbukumbu moja ya "sili imekatwa". Vifaa vilivyofikiriwa vizuri vina madaftari mawili: moja la mwendo wa kawaida, na jingine dogo la matukio mazito ambalo halifutwi mpaka ofisi ithibitishe kuwa imelipokea.

Umeme ukikatika katikati ya neno

Lori likirushwa na shimo, betri inaweza kulegea kwa nusu sekunde wakati kifaa kinaandika. Kumbukumbu inabaki nusu. Kifaa kikiwaka tena, kitajuaje kuwa maandishi hayo hayafai?

Jibu ni namba ya uhakiki, zile baiti 2 za mwisho. Programu hupiga hesabu kwa kutumia baiti zote zilizotangulia na kuandika jibu mwishoni. Msomaji hurudia hesabu. Majibu yakilingana, kumbukumbu ni nzima. Yasipolingana, huachwa na kuhesabiwa kama imeharibika. Namba ya mfuatano kwenye kumbukumbu kamili nayo huonyesha kama kuna iliyopotea katikati. Batli inayoruka kutoka 4512 hadi 4590 inasema wazi kuwa kuna pengo, na pengo linalojulikana ni bora kuliko uongo ulionyooka.

Kutuma ni ghali kuliko kuandika

Kazi inayokula betri kuliko zote ni redio ya simu. Modemu ya 2G inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua inapotuma, wakati chipu iliyolala huvuta sehemu ndogo sana ya miliampea.

Tuseme kila mara modemu inapoamka kutafuta mtandao na kutuma hutumia sekunde 20 kwa wastani wa miliampea 200. Hiyo ni miliampea-saa 1.1 kwa mara moja. Tuseme pia kipokeaji cha GPS huvuta miliampea 25 kwa saa 10 za mwendo, yaani 250 kwa siku. Kifaa kinachotuma kila dakika kitatumia 1,600 kwa redio na 250 kwa GPS, jumla 1,850 kwa siku. Betri ya miliampea-saa 5,000 itakwisha kabla ya siku ya tatu kumalizika. Kikituma kila nusu saa kwa mkupuo, redio hutumia 53 tu, jumla 303 kwa siku, na betri ile ile hudumu zaidi ya wiki mbili.

Gharama ya mtandao nayo hupungua. Kila mara kifaa kinapotuma kwa seva huongeza anwani na vichwa vya ujumbe ambavyo vinaweza kufika mamia ya baiti. Kutuma kumbukumbu moja ya baiti 12 ndani ya bahasha ya mamia ya baiti ni kama kukodi fuso kubeba kibiriti. Kumbukumbu 30 katika bahasha moja ni biashara yenye akili, hasa laini ya Tanzania inapokuwa imevuka mpaka na kutumia mtandao wa kampuni ya Burundi.

Kuna kumbukumbu zisizosubiri. Waya ukikatwa, mlango ukifunguliwa au betri ikikaribia kwisha, kifaa huamsha redio papo hapo. Ndiyo maana kila tukio hupewa daraja: la dharura, la onyo, na la kawaida. Kosa la kawaida la watengenezaji ni kuyapa matukio yote daraja la dharura.

Kosa jingine ni kuandika tukio lile lile maelfu ya mara. Waya uliolegea kwenye barabara ya vumbi unaweza kugusa na kuachia mara kadhaa kwa sekunde. Programu isiyojizuia itajaza daftari na kumaliza betri kwa saa chache. Programu yenye busara husubiri kidogo kuona kama hali imetulia, kisha huandika kumbukumbu moja: tukio limejirudia mara kadhaa kati ya saa fulani na saa fulani. Afisa anayesoma anaelewa kuwa ni waya mbovu, si mtu mwenye mkasi.

Saa ya nani?

Hakuna kinacholeta ubishi mwingi kama saa, na kwenye mpaka wa Kobero shida hiyo ni ya kila siku. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC. Burundi iko saa mbili mbele. Ukivuka kutoka Kabanga kwenda Kobero, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Ongeza hapo desturi ya kuhesabu saa kwa Kiswahili, ambapo saa saba mchana ndiyo 13:00 kwenye skrini.

Tuseme afisa wa forodha amefungua sili Bujumbura saa saba na nusu mchana kwa saa za hapo, yaani 13:30. Kwa saa ya kimataifa ni 11:30. Kwa saa ya Dar es Salaam ni 14:30. Karatasi ya afisa inasema 13:30. Mtu wa ofisi akichapa batli inayosema 11:30 bila kueleza ni saa ya wapi, itaonekana kuwa sili ilifunguliwa saa mbili kabla ya afisa kufika. Dereva anaingia matatani kwa kosa la saa.

Utaratibu unaokubalika ni mmoja: kifaa kiandike saa ya kimataifa peke yake, na kompyuta ya ofisini ndiyo igeuze kwa ajili ya msomaji, ikitaja ni saa ya nchi gani.

Saa ya GPS nayo ina mtego. Mfumo huo ulianza kuhesabu wiki tarehe 6 Januari 1980, na katika ujumbe wake wa zamani namba ya wiki ina nafasi ya wiki 1,024 tu, kisha hurudi sifuri. Ilirudi sifuri mwezi Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kipokeaji ambacho programu yake haikuandaliwa kwa hilo huanza kuandika tarehe za nyuma kwa karibu miaka 20. Anayenunua vifaa vilivyotumika aangalie tarehe kwanza kabla ya bei.

Tena, kifaa kikiwashwa ndani ya ghala hakioni setilaiti na hakijui saa. Badala ya kubuni, kinapaswa kuandika sekunde zilizopita tangu kiwashwe. Kikishaiona anga, ofisi itaweza kurudi nyuma na kuhesabu saa halisi.

Ukimya si hatia

Mteremko kutoka Bugarama hadi Bujumbura una makona na mabonde, na ziwani kati ya Kigoma na Bujumbura kuna sehemu za maji zilizo mbali na minara. Kwenye ramani ya ofisini lori au mzigo unaweza kutoweka kwa saa kadhaa. Wengine hudhani mara moja kuwa kifaa kimezimwa makusudi.

Batli ya ndani ndiyo inayotofautisha. Kifaa kilichokosa mtandao huendelea kuandika, na kikipata mnara humwaga kilichokusanya, kila kumbukumbu na saa yake ya asili. Kilichozimwa huacha pengo na kumbukumbu ya kuwaka upya. Kilichofunikwa antena huandika kuwa GPS imepotea huku kihisi cha mwendo kikionyesha lori linatembea. Ni hadithi tatu tofauti, na kwenye ramani peke yake zote zinaonekana kama ukimya.

Ya kuuliza kabla ya safari

Msafirishaji hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Maswali yafuatayo yanatosha kumtambua mtoa huduma anayejua kazi yake:

1. Kifaa kinaweza kutunza siku ngapi za batli bila mtandao, na kwa kuandika kila baada ya muda gani?
2. Kikijaa kinafuta nini kwanza? Je, matukio ya sili yana daftari lake?
3. Betri inadumu siku ngapi kwa ratiba halisi ya Dar–Bujumbura, pamoja na siku za kusubiri mpakani?
4. Saa inayoandikwa ni ya wapi?
5. Batli kamili inaweza kutolewa na kusomwa mbele ya pande zote, au mteja hupewa picha ya ramani tu?
6. Toleo la programu limeandikwa ndani ya batli?

Kwenye kufunga sili, dereva aandike namba yake, kiwango cha betri na saa, na ahakikishe ofisi imepokea kumbukumbu ya kwanza kabla hajaondoka bandarini. Akifika Kobero aulize kama kumbukumbu za njiani zimefika zote. Akiona waya umelegea au kifaa kimepasuka, asikiguse. Apige simu ofisini, atoe taarifa kwenye kituo cha forodha kilicho karibu na apewe maandishi. Sili ya forodha huondolewa na afisa wa forodha peke yake, hata kama lori limeshafika mlangoni mwa ghala la mwenye mali.

Mwenye mzigo naye ana wajibu. Mzigo ukifika pungufu, aombe batli ya sili mapema, kabla kifaa hakijafungwa kwenye kontena jingine na mduara kuanza kuandika juu ya safari yake.